Mtoro au Msaliti? Uamuzi wa Askari wa Kuacha Jeshi Katika Vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uamuzi wa askari wa Kiafrika waliotoroka jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yanaanza kwa kuchanganua kitenzi 'toroka' na minyambuliko yake, kisha yanaitumia minyambuliko hiyo kuisoma historia ya askari hao, na hatimaye yanaonyesha namna mjadala huu unavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa fasihi anapokutana na mhusika mtoro. Hoja kuu ni kuwa hatuwezi kumhukumu aliyetoroka kabla ya kuuliza kama yeye mwenyewe hakuwa ametorokwa kwanza.

1. Utangulizi

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi pana sanamu za watu watatu waliohudumu katika vita vya 1914–1918. Kumbukumbu kama hizo zipo pia Mombasa na Dar es Salaam, na zote zilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maandishi yake, ambayo yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawasifu askari na wapagazi, na yanaahidi kuwa anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Msomaji makini wa Kiswahili hana budi kujiuliza maswali mawili. La kwanza, nchi inayotajwa ni ya nani, ilhali vita vyenyewe vilikuwa baina ya madola ya Ulaya yaliyokuwa yakigombea ardhi ya Waafrika? La pili, yuko wapi yule aliyeweka bunduki chini usiku akaondoka? Huyo hana sanamu. Hana hata jina zuri, kwani katika mijadala ya darasani, pindi mhusika wa aina hii anapojitokeza katika riwaya au tamthilia, wengi wetu huharakisha kumbandika sifa ya 'mwoga' au 'msaliti', tukaendelea na swali linalofuata la mtihani. Makala haya yanakusudia kuupinga wepesi huo wa kuhukumu.

2. Lugha inasemaje kuhusu mtoro?

Tuanze na msamiati, kwa kuwa huko ndiko nyumbani kwetu. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kimaana ambayo hayafai kuchanganywa. 'Mwasi' ni anayekataa kutii mamlaka na kuyapinga waziwazi. 'Msaliti' ni anayevunja uaminifu kwa kumfaidi adui. 'Mwoga' ni mwenye hofu, awe ametoroka au amebaki palepale akitetemeka. 'Mkimbizi' ni aliyeondoka kwao kwa sababu ya hatari. 'Mtoro' naye ni aliyeondoka kwa siri mahali alipotakiwa kuwepo. Fasili hii ya mwisho haitaji hofu wala adui. Inataja mambo mawili tu: siri, na kuwepo kwa mtu mwingine anayedai kuwa na haki ya kumzuia.

Ndiyo maana neno hili linawabeba watu wa hali tofauti mno. Mwanafunzi anayekosa masomo ni mtoro. Askari anayeacha lindo ni mtoro. Na katika karne ya 19, mtumwa aliyelikimbia shamba la bwana wake katika pwani ya Kenya aliitwa mtoro vilevile. Watoro wa namna hiyo walianzisha makazi yao, mathalani Fuladoyo katika bara ya Malindi, na wengine walipata hifadhi Witu chini ya Sultani Ahmad Simba. Kwa bwana wa shamba, watoro hao walikuwa wezi wa mali yake, maana waliiba miili yao wenyewe. Kwetu sisi leo ni watu waliojikomboa. Neno halikubadilika, ila mahali tunaposimama kulitazama ndipo palipobadilika. Tukumbuke pia kuwa Mtoro lilikuwa jina la mtu: mwandishi mashuhuri wa Bagamoyo ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka wa 1903 aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mnyambuliko wa kitenzi 'toroka' unatufikisha mbali zaidi. Tazama mifano ifuatayo:

(a) Askari alitoroka usiku.
(b) Askari alitorokea kwa Waingereza.
(c) Ombasha aliwatorosha wenzake watano.
(d) Kamanda alitorokwa na askari kumi.

Sentensi (a) inatupa kitendo na mtendaji, basi. Katika (b), kiambishi cha kutendea kinaleta swali la mwelekeo: alikwenda wapi, na kwa nani? Sentensi (c), ambayo ni ya usababishi, inaleta suala la ushawishi na uongozi. Sentensi (d) ni ya kutendwa, na inamtazama aliyeachwa. Mara nyingi hukumu zetu hukomea katika (a). Mahakama za kijeshi zenyewe huenda hatua moja mbele, kwani hutofautisha kutokuwepo bila ruhusa na utoro kamili kwa kuichunguza nia ya mtu: je, alikusudia kurudi? Hata hivyo, kauli iliyo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni ile ya nne, kauli ya kutendwa. Tutairudia.

3. Askari na makubaliano yake

Jeshi la Schutztruppe lilitokana na kikosi alichokiunda Hermann von Wissmann mwaka wa 1889 ili kuuzima upinzani wa watu wa pwani. Askari wake wa mwanzo waliandikishwa Cairo miongoni mwa Wasudani, na wengine walitoka kusini mwa Msumbiji. Baadaye waliandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Kutokana na asili hiyo, vyeo kama ombasha, shaushi na efendi, vyenye asili ya Kituruki na vilivyopitia jeshi la Misri, vilitumika kambini. Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya kila siku baina ya watu hawa wa makabila mengi.

Askari hao hawakuwa watu wa kuonewa huruma tu. Walikuwa na mshahara uliozidi kwa mbali ujira wa kibarua. Walikuwa na wake, watoto na watumishi waliofuatana nao safarini. Walikuwa na heshima iliyotokana na bunduki. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, wao ndio waliochoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake Violent Intermediaries cha mwaka wa 2014, anaeleza kuwa askari hawa walipigana ili wajijengee hadhi ya kuwa watu wakubwa wenye nyumba na wafuasi. Hawakupigana kwa mapenzi ya Kaizari. Kwa maneno mengine, palikuwapo makubaliano: askari alitoa utiifu na ukatili wake, na serikali ilimpa mshahara, familia iliyotulia na cheo mbele ya watu.

Nidhamu nayo ilishikwa kwa kiboko. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilijulikana sana hata ikapata jina lake katika Kiswahili cha wakati huo, 'hamsa ishirini'. Mtoro aliyekamatwa wakati wa vita aliweza kupoteza maisha. Hata hivyo, haitoshi kusema kuwa askari walibaki kwa sababu ya kuogopa adhabu. Walibaki kwa kuwa makubaliano yalikuwa yakiheshimiwa, na kwa kuwa mtoro hakuwa na pa kwenda. Aliyekuwa amenyang'anya watu mbuzi na mahindi kwa miaka mingi angebisha hodi mlango gani?

4. Makubaliano yanapovunjika

Vita vilipoanza Agosti 1914, Schutztruppe ilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500. Idadi hiyo iliongezeka hata ikapita 11,000 vita vilipopamba moto. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari wapatao 1,150. Hatuwezi kusema kuwa tofauti ya takwimu hizi ni watoro watupu, kwani wengi walikufa, wengi walitekwa, na wengine waliachwa kwa ugonjwa au majeraha. Lakini utoro ulikuwa sehemu ya upungufu huo, na uliongezeka kadiri vita vilivyorefuka. Kwa nini?

Kwanza, mshahara ulipoteza maana. Manowari za Uingereza zilizuia meli, na fedha zikaadimika. Serikali ya Wajerumani ikachapisha noti za dharura papo hapo katika koloni, na nyingine zilichapwa kwa vifaa duni kabisa. Askari alilipwa karatasi ambazo thamani yake ilitegemea ushindi aliokuwa akiuona ukizidi kwenda mbali. Mwishowe alibaki na ahadi tu.

Pili, jeshi liliacha nchi ambayo askari aliijua. Kuanzia 1916 majeshi ya Uingereza, Afrika Kusini, India na Ubelgiji yaliteka reli ya kati na miji yake, ikiwemo Tabora. Mnyamwezi aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea kusini alijua kuwa kila hatua ilimweka mbali zaidi na kwao. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mnamo Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake kwa makusudi, akawaacha wagonjwa na majeruhi, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye kikosi kingine chini ya Kapteni Theodor Tafel, kilichoshindwa kuungana naye na kuishiwa chakula, kilisalimu amri.

Tatu, familia ilitishika. Wanawake na watoto walitembea pamoja na jeshi, wakapata njaa pamoja na jeshi, wakaugua pamoja na jeshi. Nyumba ambayo askari alikuwa akiijenga kwa utumishi wake ilikuwa ikibomoka njiani mbele ya macho yake.

Nne, mtoro alipata pa kutorokea. Mwaka wa 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, na sehemu kubwa ya askari wake ilitokana na mateka waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Askari akajua kuwa ujuzi wake ulikuwa na mnunuzi mwingine. Hapa ndipo 'toroka' inapogeuka kuwa 'torokea'.

Tukiyaweka haya pamoja, mto Ruvuma unakuwa zaidi ya mpaka wa nchi. Ulikuwa mahali pa kufanya hesabu. Anayevuka anawaacha wazazi, mashamba na malimbikizo ya mshahara. Anayebaki upande wa kaskazini anakuwa mtoro, na akishikwa huenda akauawa. Si busara kudhani kuwa uamuzi huo ulifanywa kwa hofu ya ghafla. Askari aliyestahimili miaka mitatu ya risasi, malaria na njaa hakugundua woga usiku mmoja. Tunaloweza kusema ni kuwa makubaliano yaliyomfunga yalikuwa yamevunjwa na upande wa pili. Tukirejelea kauli ya kutendwa, askari alikuwa ametorokwa na mshahara, na serikali na nchi yenyewe, kisha ndipo naye akatoroka.

Upande wa Waingereza haukuwa tofauti sana, hasa kwa wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sheria ya mwaka wa 1915 iliruhusu vijana wa Kenya ya leo kuchukuliwa kwa lazima, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara damu na lishe mbaya. Wengi walijificha au walitoroka. Kwa mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, ni vigumu hata kuonyesha makubaliano ambayo aliyavunja.

5. Na aliyebaki je?

Hoja hii inaweza kupingwa kwa kusema kuwa uaminifu una thamani hata pale unapokosa malipo, na kuwa wale 1,150 waliofika Abercorn wanastahili sifa. Ni hoja nzito. Tuipime kwa kisa cha mtu anayetuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904, mtoto wa askari. Yeye na baba yake walihudumu katika Schutztruppe, naye akiwa mtoto tu. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka wa 1917 na kutekwa. Mwaka wa 1929 alifika Ujerumani, akadai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Akaambiwa kuwa amechelewa. Alibaki Berlin, akawa mhudumu wa hoteli, mwigizaji wa filamu, na msaidizi katika kufundisha Kiswahili chuoni. Utawala wa Wanazi ulimkamata mwaka wa 1941 kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, na akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Katika miaka hiyohiyo, wanaodai Ujerumani irudishiwe makoloni walikuwa wakimsifu 'askari mwaminifu' vitabuni na katika hotuba, na mwaka wa 1939 kambi moja ya jeshi mjini Hamburg ilipambwa kwa michongo ya askari wa aina hiyo. Sifa ilimwendea askari wa mchongo, naye aliye hai akaingizwa kambini. Masimulizi ya uaminifu yalimhitaji mtoro asahaulike, kwani mtoro ni ushahidi kuwa askari alikuwa na akili ya kupima na kuamua.

Tusigeukie upande wa pili tukamfanya mtoro kuwa shujaa. Alipoondoka na bunduki yake, mara nyingine aliendelea kuwanyang'anya wanakijiji kama alivyozoea. Aliyebaki alibebeshwa mzigo na lindo la aliyeondoka. Isitoshe, aliyetorokea kwa Waingereza alibadilisha bwana tu, ukoloni ukabaki palepale. Kusema kuwa uamuzi wake unaeleweka si kusema kuwa haukumwumiza yeyote.

6. Mtoro katika fasihi

Mjadala huu unatusaidia vipi tunaposoma? Tuchukue riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka wa 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina Peponi mwaka wa 2022. Mhusika Yusuf aliwekwa rehani na baba yake kwa tajiri ili deni lilipwe. Mwishoni mwa riwaya, msafara wa askari wa Wajerumani unapopita ukiwa umewakamata wapagazi, Yusuf anaondoka katika nyumba ya tajiri na kuukimbilia msafara huo. Msomaji anayetumia kauli (a) peke yake ataona kijana anatoroka utumwa. Anayeongeza kauli (b) atatambua kuwa anatorokea kwenye utumwa mwingine. Anayefika kauli (d) atauliza kama Yusuf hakutorokwa na baba yake tangu ukurasa wa mwanzo.

Katika riwaya ya Afterlives ya mwaka wa 2020, Gurnah anamfuata askari wa kujitolea, Hamza, ambaye anajeruhiwa vibaya na ofisa wa jeshi lake mwenyewe na kuachwa misheni atibiwe. Hapa jeshi ndilo linalomwacha askari. Katika riwaya hiyohiyo, Ilyas, ambaye alilipenda jeshi hilo kwa dhati, anapata mwisho unaotukumbusha kisa cha Husen.

Kutokana na mifano hii tunaweza kupendekeza hatua nne za kumchambua mhusika mtoro: mosi, tubainishe ni nani anayemwita mtoro na kwa maslahi gani, pili, tuyatafute makubaliano yaliyomfunga na kama aliyaridhia, tatu, tuchunguze ni upande upi uliovunja makubaliano kwanza, nne, tuone anatorokea wapi na nani analipa gharama ya kuondoka kwake.

7. Hitimisho

Jamii huweza kuzirekebisha hukumu zake. Uingereza iliwaua kwa kupigwa risasi mamia ya askari wake katika vita hivyo kwa makosa ya utoro, woga na mengineyo ya kijeshi. Mwaka wa 2006, bunge lake lilipitisha sheria iliyowasamehe askari 306 wa aina hiyo, miaka karibu tisini baada ya familia zao kuishi na fedheha. Kwa watoro wa Afrika Mashariki hakuna orodha kama hiyo. Wengi wao waliishi na kufa wakiwa wameficha historia yao, na walioweza kuisimulia wamekwisha kuondoka.

Kazi iliyobaki ni ya wasomi na waandishi wa Kiswahili, lugha ambayo askari hao waliitumia kunong'onezana walipokuwa wakipanga safari yao ya usiku. Familia nyingi bado zina masimulizi ya mababu waliojificha porini au waliorudi nyumbani bila kueleza walikotoka. Masimulizi hayo yafaa yakusanywe kabla hayajapotea, na yasipimwe kwa neno moja la haraka.

Maswali ya mjadala

1. Jadili tofauti za kimaana baina ya 'mtoro', 'mwasi' na 'msaliti' kwa kurejelea mhusika mmoja katika kazi ya fasihi uliyoisoma.
2. Eleza jinsi kauli ya kutendwa na ya kutendea zinavyoweza kubadilisha hukumu ya msomaji kuhusu tukio moja.
3. "Hakuna utoro pasipo makubaliano." Je, unakubaliana na kauli hii kuhusu wapagazi waliochukuliwa kwa lazima? Toa sababu.
4. Mhoji mzee mmoja wa eneo lako kuhusu kumbukumbu za vita vya kikoloni katika familia yake, kisha uchanganue msamiati anaoutumia kuwaelezea walioondoka vitani.